Mstari wa Mashujaa Uliopinda

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kidogo kwa mtu ambaye sasa hana pa kuwahi. Nawashukuru. Mlinitaka niseme machache, nami nikasema machache kweli, kwa sababu pilau ilikuwa inapoa na mnajua mimi na jukwaa hatupatani. Lakini Baraka, ambaye sasa ndiye msimamizi wa karakana, amenifuata mpaka nyumbani Mtoni akaniambia, "Mama Yusta, usituondokee na mambo yote kichwani. Andika hata kidogo, na sie tubaki na kitu." Basi naandika. Vyeo sitavitaja, maana vilinijia vyenyewe kwa uzee, na mishahara tuiache ipumzike.

Nilifika kwenye karakana yetu ya mawe ya makaburi ya askari nikiwa binti mwembamba kutoka Mpwapwa, nimeajiriwa kuchonga majina. Shuleni nilikuwa na mwandiko mzuri, na mtu mmoja ofisini akadhani mwandiko wa kalamu na mwandiko wa tindo ni ndugu. Si ndugu hata kidogo. Kalamu ikikosea unafuta. Tindo ikikosea, jiwe zima linatupwa, na fundi mkuu anakutazama bila kusema neno, jambo ambalo ni baya kuliko kutukanwa.

Fundi mkuu alikuwa Mzee Mbwana, mwenyeji wa Temeke, mfupi, hana haraka, na kofia yake nyeupe haikupata doa la saruji siku hata moja, sijui alifanyaje. Wiki ya kwanza hakunipa jiwe. Alinipa tindo butu na jiwe la kunolea, akasema, "Noa." Nikanoa mpaka vidole vikaota sugu. Halafu akanifundisha kuchora mistari kwa penseli, kisha kugonga, kidogo kidogo, mkono wa kushoto ndio unaofikiri na wa kulia unafuata. Vumbi tulilizuia kwa kitambaa kilicholowa maji. Ninyi mna barakoa na mashine, basi zivaeni, msizining'inize kidevuni mkipiga soga. Mzee Mbwana alikohoa miaka yake yote ya mwisho, na sigara hakuwahi kuionja.

Tindo iliponoleka alinipeleka kwenye uwanja wenyewe wa makaburi, nje kidogo ya barabara ya Kilwa, nione mawe yanakokwenda. Pale wamelala vijana wetu waliokwenda kusini, ng'ambo ya Ruvuma na mbele zaidi, kuwasaidia majirani kupigania uhuru wao. Sisi uhuru wetu tulikuwa tumeshaupata. Wangeweza kukaa nyumbani wakalima, wakaoa, wakanenepa. Wakaenda. Nilikuwa sijawahi kufikiri jambo hilo mpaka niliposimama mbele ya majina yao, na nawaambia ukweli, nilijivuna kuwa Mtanzania kiasi cha kuona haya kulia mbele ya mzee nisiyemzoea.

Mzee Mbwana akanipa muda, kisha akaniuliza, "Unaona nini katika mstari huu?"

"Mawe yamepinda, mzee. Moja liko upande huu, jingine upande ule."

"Hayajapinda. Tazama vizuri."

Akanieleza. Makaburi yote pale yanaelekea mashariki na magharibi. Mwislamu analazwa kwa ubavu wa kulia, uso ukielekea kibla, na kibla kwetu Dar ni kaskazini, kwa hiyo kichwa chake kinakuwa mashariki. Mkristo analazwa chali, kichwa magharibi, ili siku ya ufufuo akiinuka alione jua linachomoza. Ukiwalaza wawili jirani, mmoja kichwa huku, mwenzake kichwa kule. Na jiwe la jina linakaa kichwani. Kwa hiyo mstari wa makaburi mchanganyiko hauwezi kunyooka.

"Mbona hakuna msalaba wala mwezi juu ya mawe?" nikamuuliza.

"Wenzao waliorudi hai walikataa. Walisema kule walikuwa wakila sinia moja, wakilala handaki moja, basi mawe yafanane. Jina, cheo, na maneno yaleyale kwa wote. Imani ya kila mtu iko chini, katika anavyolala."

Maneno yenyewe mnayajua, mmeshayachonga: Alitoa uhai wake ili wengine wawe huru. Mimi nimeyachonga mara nyingi mpaka nikawa nayaota. Herufi ngumu ni ile W, inapenda kubanduka kwenye ncha zake za chini. Anzeni na ncha, msianzie juu.

Miaka ikapita hivyo. Tulichonga pia mawe ya vijana wa sasa, waliokwenda kulinda amani kwa majirani wakarudi ndani ya bendera. Hao wengi huzikwa kwao, na jiwe tunalipeleka sisi. Kuna mama mmoja wa Mikocheni, mwalimu, tulimpelekea jiwe la mwanawe akalitazama muda mrefu, akasema, "Mmeandika vizuri. Ila mwanangu alikuwa akichukia jina la Everisti, sie tulikuwa tukimwita Eve." Nikamuuliza kama anataka tuongeze. Akasema hapana, Everisti ndiye aliyekwenda, Eve alibaki naye. Nilirudi karakana sikuweza kula. Siwafundishi kitu kwa kisa hiki, nakisimulia tu kwa sababu sijawahi kukisahau. Mzee Mbwana alistaafu, akafariki, tukamzika Temeke, na nikaachiwa tindo zake ambazo mpaka leo hamjui kuzinoa.

Sasa nije kwenye kazi iliyokuwa ngumu kuliko zote, ambayo Baraka anaifahamu kwa kuwa alikuwepo, ila ninyi wengine mmeisikia vipande vipande.

Ilitangazwa kwamba wageni wangekuja kutoka nchi mojawapo ya kule kusini, kuweka mashada kwenye makaburi ya vijana wetu. Uwanja ukatakiwa upendeze. Mawe ya zamani ya saruji yalikuwa yamechakaa, tukaagizwa tuchonge mapya ya matale, lile jiwe gumu linalong'aa, na kampuni moja ya ujenzi ikapewa kazi ya kusawazisha ardhi. Kampuni ile ilifanya kazi haraka sana. Ikang'oa mawe ya zamani, ikayapakia, ikayamwaga mahali tusipopajua. Ikapitisha greda, ikapanda nyasi. Ikamwaga mkanda mmoja wa zege upande wa magharibi, mrefu, umenyooka, na sisi tukaletewa lori tukapachike mawe yetu juu yake. Siku tunapachika mimi nilikuwa kitandani na malaria, mafundi wakafuata zege lilipo.

Msimamizi wa shughuli alikuwa Kapteni Mussa, kijana mstaarabu, hapandishi sauti. Alipoona mstari ule akafurahi, na kwa kweli ulipendeza. Askari akiona mstari ulionyooka moyo wake unatulia, na yeye, ingawa ni Mwislamu mwenye kuswali swala tano, hakuwaza lingine.

Aliyeona ni Mzee Nassor. Huyu ni mfanyabiashara wa hapa Mtoni, Mwarabu wa asili, duka lao la vitambaa limerithiwa tangu babu. Mdogo wake yumo katika mstari ule, maana si kila mtoto wa dukani anataka kukaa dukani. Kila Ijumaa baada ya swala Mzee Nassor huja na kigoda chake, anakaa kichwani kwa mdogo wake, anamsomea Yasini, anamwambia habari za nyumbani, anaondoka. Ijumaa ile nilikuwa nimepata nafuu, nikawa pale na Baraka tunasafisha mawe, kwa kuwa shughuli ilikuwa Jumatatu. Mzee Nassor akafika na kigoda mkononi, akasimama. Akatazama huku, akatazama kule.

"Yusta," akaniita. "Ndugu yangu mmempeleka wapi?"

"Hajaenda popote, mzee. Jiwe ndilo jipya."

"Jiwe liko miguuni kwake. Mnataka nikae miguuni nimsomee?"

Hapo ndipo na mimi nilipoinua macho nikauona mkanda mzima kwa mara ya kwanza, mawe yote magharibi, ya Waislamu na ya Wakristo. Kapteni Mussa alikuwa karibu, akasikia. Akauangalia mstari, midomo ikimcheza kama anayehesabu, kisha akavua kofia.

"Subhanallah," akasema. "Na mie nilikuwa nausifia hapa tangu asubuhi. Mzee, tuwie radhi."

"Mimi sina neno," akajibu Mzee Nassor. "Waombeni radhi wenyewe." Halafu akaenda upande wa mashariki, mahali pasipokuwa na jiwe lolote, akafungua kigoda chake akakaa, akaanza kusoma.

Kapteni hakubishana wala hakuitisha kikao. Alisema mawe ya Waislamu wote yahamishiwe mashariki kabla ya Jumatatu, kila moja lichimbiwe msingi wake. Mmoja wa maofisa wa gwaride akauliza, je, mstari? Kapteni akamjibu, "Mstari utapinda. Watapita hivyohivyo." Tukashika kazi. Athumani, mashariki. Petro, anabaki. Selemani, mashariki. Yohana, anabaki. Tulikwenda kwa majina, na majina yalikuwa yanatuitikia vizuri, mpaka tukafika kwa Juma Kasanda.

"Juma, mashariki," akasema Baraka na sululu mkononi.

"Ngoja kwanza," nikasema.

"Mama Yusta, Juma tena? Ishu iko wapi hapo?"

Baraka ni mtoto wa Temeke. Kwake Juma ni Juma. Lakini mimi ni mtu wa bara, na baba yangu mdogo, mzee wa kanisa aliyekuwa akigonga kengele asubuhi, anaitwa Juma. Bara huko jina hufuata siku, au mkunga, au jirani mwema, dini ikaja baadaye. Kasanda nalo ni jina la huko Tabora. Nikasema sijui. Kapteni akasema naye hajui. Alipiga simu makao makuu ya jeshi kuulizia, akajibiwa kwamba jalada litatafutwa, na kila aliyewahi kuwa mtumishi anajua maana ya maneno hayo. Tukatafuta picha za sherehe za zamani, tuone jiwe lake lilikuwa upande gani, na picha zilikuwepo nyingi, zote za wageni waheshimiwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelipaka rangi jiwe lile la zamani mara sijui ngapi, na nilipojaribu kukumbuka nilipiga magoti upande upi, nikakuta giza. Baraka akanong'ona kwamba ukichimba kidogo utajua. Kapteni akamtazama tu, na Baraka akaenda kunywa maji.

Mnaweza kusema, jiwe ni jiwe, mwenyewe hajui. Hata mimi nimesikia watu wakisema hivyo. Lakini yule kijana aliacha kila kitu akaenda kufa ugenini kwa ajili ya watu asiowajua, na sisi tulichodaiwa ni kumjua yeye alivyolala tu. Tukishindwa hilo, mashada ni mapambo.

Mzee Nassor ndiye aliyetufungulia njia. Alisema zamani alikuwa akimwona mwanamke akija kwa Juma, dada yake, aliyeolewa Kimbiji, na kwamba aliacha kuja miguu ilipomzidi; alikuwa akikaa upande gani wa kaburi, hakukumbuka. Alimkumbuka kwa sababu alinunua kwake kanga na akabishana naye bei mpaka mzee akachoka. Siku ya pili yake, Jumamosi, tukaondoka, Kapteni na mimi na dereva, tukavuka kwenda Kigamboni. Barabara ya kule mwisho ilikuwa ya mashimo, nikawa nawaza mgongo wangu na malaria yangu, na kwamba huenda tunakwenda kwa marehemu.

Alikuwa hai. Anaitwa Bi Tatu. Tulimkuta barazani anachambua mchele, amejitanda kanga, na juu ya mlango wake kuna aya ya Kurani ndani ya fremu. Kapteni akaiona ile aya, akanigeukia na uso wa mtu aliyepata jibu.

"Hodi hapa. Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Nyie wa serikali nyie, nimeona gari. Nimefanya nini tena?"

"Hujafanya kitu, mama. Tumekuja kwa habari za kaka yako, Juma."

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. "Juma bado yupo?" akauliza. "Mie nilidhani mmeshamfukia na majani. Jina lake bado linasomeka?"

"Linasomeka, mama," nikamwambia. "Nimelichonga mwenyewe upya."

Akaomba tukae. Kapteni, kwa adabu, akamwambia kwamba tumekuja kuuliza jambo dogo tu kuhusu maziko, ingawa tunaona nyumba hii ni ya Kiislamu na jibu tumeshalipata, basi tunamsalimu na kumwalika Jumatatu. Akawa anataka kuinuka. Bi Tatu hakumsikiliza vizuri, alikuwa mbali.

"Maziko ya Juma nayakumbuka kama ya jana," akasema. "Mvua ilikuwa ikinyesha. Wakanishika huku na huku nisiteleze, nikasogea mpaka ukingoni, nikateka udongo kwa mkono huu, nikamtupia."

Kapteni akakaa tena polepole. "Mama. Wewe mwenyewe ulikwenda kaburini?"

"Nilikwenda. Mbona?"

"Na wanawake wengine?"

"Wote. Kwaya nzima."

Kapteni akanitazama, nami nikamtazama. Ninyi mnajua, na ambaye hajui namwambia: kwa Waislamu wa pwani yetu mwanamke hafuati jeneza. Anabaki nyumbani, wanaume ndio wanaokwenda kuzika. Mwanamke aliyesimama ukingoni akatupa udongo, kaka yake alizikwa na kanisa.

"Kumbe mlikuwa Wakristo," nikasema.

"Tulikuwa. Mie nilisilimu huku, nilipoolewa na baba yao, Mungu amrehemu. Juma alibaki na kanisa la mama. Sauti ya besi ile! Ukuta ulikuwa ukitetema."

"Na jina la Juma?"

"Mkunga wetu kule Tabora alikuwa Mwislamu, mwanamke mwema sana. Mama alizaa kwa shida, Ijumaa, yule mkunga akamwokoa na mtoto. Mama akamwambia, mpe jina wewe." Akacheka. "Nyie mlitaka kumgeuza kwa ajili ya mkunga?"

Kapteni Mussa alicheka mpaka akatoa leso. Mimi sikucheka, nilikuwa nashukuru.

Jumapili, baada ya ibada, tukamalizia. Juma alibaki magharibi, kati ya majirani wawili waliohamia mashariki. Mstari ukapinda vile Mzee Mbwana alivyoujua. Yule ofisa wa gwaride alikuja kuutazama, akatikisa kichwa, kisha akashika uzi na kuwachorea askari wake njia ya kupita huku na kule, na aliwafanyisha mazoezi mpaka wakaiweza.

Jumatatu gari lilimfuata Bi Tatu Kimbiji. Alivaa buibui jipya, akashuka kwa kushikwa, nami nikamwongoza taratibu mpaka kichwani kwa kaka yake. Wageni walikuwa wameanza kupita kaburi hadi kaburi. Mkuu wa msafara alikuwa mama mmoja mnene wa miwani, nguo za heshima, nyuma yake askari na mashada. Mzee Nassor alikuwa upande wa pili na kigoda chake.

"Nisomee," Bi Tatu akaniambia.

Nikamsomea. Juma Kasanda. Alitoa uhai wake ili wengine wawe huru.

Halafu akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeulizia majirani, "Hao wengine, uhuru walipata?"

Nimechonga maneno yale maisha yangu yote, na swali lile halikuwahi kunijia. Lakini yule mama wa miwani alikuwa amefika karibu yetu, na Kiswahili alikijua, cha ng'ambo ya Ruvuma. Alimpa askari shada alilokuwa ameshika. Mtu wa itifaki akamwonyesha kwa mkono kwamba njia ni kule, naye hakumtazama. Akakaa chini kwenye nyasi na nguo zake zile, ubavuni kwa Bi Tatu.

"Tulipata, dada," akasema. "Mimi ni mmoja wao."

"Wewe?"

"Mimi. Mama alinizaa msituni, wakikimbia mabomu. Leo nina nyumba, nina wajukuu. Wanasoma, wanalala wanapotaka, hakuna wa kuwafukuza. Hata mimi hawaniogopi, wananibishia kila ninachosema."

"Wanakubishia?"

"Kutwa nzima."

Bi Tatu alimtazama kwa makini, kisha akaanza kucheka, mabega yakimtikisika, machozi yakimtoka, akaweka mkono wake juu ya jiwe.

"Umesikia, Juma?" akasema. "Wanambishia bibi yao."